Mota ya Chumba cha Ulaya

Nianze kwa kukiri, maana wastaafu wengi wakiandika kumbukumbu zao huanza na jinsi walivyokuwa hodari tangu siku ya kwanza. Mimi nilianza kazi kwa kukata nyaya tatu za mota ya AC kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayekata mchicha. Sikupiga picha. Sikuweka alama. Sikuangalia hata upi ulikuwa unaelekea wapi. Nilipomaliza nikazitazama nikajipongeza, kwa sababu zote zilikuwa na urefu mmoja.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Sasa nimestaafu, niko kidato cha tatu, na naona ni wajibu wangu kuwaachia wadogo zangu wa kidato cha kwanza maneno mawili matatu kuhusu ufundi wa AC ulivyokuwa enzi zetu, yaani likizo ya Septemba.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa uwani, nyuma ya nyumba tunayopanga hapa Mandewa, Singida. Nyumba yenyewe ni ya zamani. Mwenye nyumba alikuwa ofisa, akahamia Dodoma, akatuachia mbwa asiyebweka na AC moja iliyofungwa kwenye chumba cha pembeni. Mbwa alikufa. AC iliendelea kuishi kwa ukaidi tu, ikitoa mlio wa trekta na ubaridi wa kweli. Nyumba nzima, jua likipiga bati, unatamani kukaa ndani ya mtungi, lakini ukifungua mlango wa chumba kile nywele za mikono zinasimama. Majirani wakakipa jina, wakakiita Ulaya. Mtu akija kumuulizia mama, mtoto wa jirani anamjibu bila kucheka kwamba mama Elisha yuko Ulaya, labda arudi baadaye.

Elisha ndiyo mimi. Mama yangu, ambaye kikazi nitamwita Mkurugenzi, anatengeneza keki za kuuza. Kuoka si tatizo, anaoka jikoni kwa oveni ya gesi. Tatizo ni krimu. Krimu ya siagi ikikutana na joto la saa nane mchana inalainika, inatoka jasho, halafu inaanza kuteremka pole pole kama mzee anayeshuka ngazi. Keki ya ghorofa moja unaweza kuibana ndani ya friji. Keki ya ghorofa tatu haiingii kwenye friji ya mtu yeyote ninayemfahamu. Hiyo inapambwa Ulaya na inalala Ulaya mpaka gari lije kuichukua.

Na ghorofa tatu ndizo alizokuwa ameahidi. Mama mdogo Neema, mdogo wake wa mwisho, alikuwa anafanyiwa sendofu, sherehe ya kumwaga kabla ya ndoa, Jumamosi ya mwisho ya likizo ile, wakwe wakitokea Kintinku. Kamati ya sherehe ilitaka keki inunuliwe mjini kwa mwokaji mwenye jina kubwa. Mama akasimama kikaoni akasema keki ya mdogo wake ataitengeneza mwenyewe. Mwenyekiti wa kamati, ambaye ni mjomba wangu, akamuuliza kwa upole kama ana uhakika. Mama akasema anao. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nagawa soda. Sauti yake ilikuwa imesimama vizuri kabisa, ila vidole vyake vilikuwa vinasokota ncha ya kanga mpaka ikawa kamba.

Jumatano AC ikagoma.

Kwa wasiojua, AC kama ile ina vipande viwili. Kimoja kiko ndani ukutani, kinapuliza ubaridi. Kingine ni sanduku la bati lililokaa nje, na humo ndimo kuna kompresa, yaani moyo wa mashine, pamoja na feni kubwa inayofukuza joto lililotolewa chumbani. Feni ya nje isipozunguka, joto halina pa kwenda, kompresa inachemka, inajizima yenyewe ili isife. Siku ile sanduku lilikuwa linanguruma lakini feni imesimama tuli, na kuku mmoja alikuwa amekaa juu yake kama anayesubiri huduma.

Mama akampigia simu Fundi Shabani. Huyu ndiye alikuwa Mhandisi Mkuu wangu. Ni mtu mfupi, wa baraghashia na kalamu sikioni, haongei mpaka apewe chai, na akishapewa anaongea na mashine kwanza ndipo aongee na watu. Alifika, akaenda moja kwa moja kwenye ubao wa umeme, akachomoa fyuzi ya AC, akaitia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo. Nilimuuliza kwa nini asiizime tu kwenye swichi. Akasema swichi ina marafiki wengi, kila apitaye anaweza kuiwasha, ila mfuko wa Shabani una Shabani peke yake. Wadogo zangu, hii ndiyo sheria ya kwanza, na ndiyo sababu Fundi Shabani ana vidole kumi.

Kisha akanusa. Ufundi unaanza na pua. Akapeleka bisibisi ndefu kupitia wavu akasukuma panga la feni, likazunguka nusu duara likakwama kwa mlio wa kusaga karanga. Akatoa hukumu: beringi zimekwisha na koili imeungua. Koili ni ule waya mwembamba uliozungushwa ndani ya mota, ukiungua unanuka kama samaki aliyesahauliwa jikoni. Inatakiwa mota nyingine, akasema, na kwa mashine ya umri huu itabidi aitafute mjini kwa wauza vipuri vilivyotumika. Mama akamuuliza kupitia dirisha kama Ijumaa chumba kitakuwa na baridi. Fundi akajibu inshallah.

"Shabani," mama akasema, "hiyo ni inshallah ya kweli au ni ile ya mafundi?"

Fundi akatazama chini akasema ni ya kweli.

Wakati anaondoka akanipa kazi. Nifungue skrubu za mfuniko, nisafishe vumbi, nyaya nisiguse. Maneno hayo ya mwisho niliyasikia vizuri sana. Lakini nilipoondoa mfuniko na kufungua mota kwenye kiti chake nikaona imening'inia kwa nyaya kama mbuzi buchani, nikawaza kwamba fundi atafurahi akikuta imeshatoka kabisa. Tutaokoa muda. Mama atapata Ulaya yake mapema. Nikaenda kuchukua koleo. Mengine nimeshayakiri.

Kesho yake adhuhuri fundi akarudi na mota ndani ya mfuko wa rambo. Akakuta sanduku limesafishwa linang'aa, na ndani yake vichwa vitatu vya nyaya vimekatwa sawasawa, vyote vimepauka kwa jua na vumbi mpaka vimekuwa rangi moja, rangi ya barabara ya Mtinko. Akafudikiza ndoo, akaikalia. Hata kuku waliondoka.

"Nani amekata?"

Nilifikiria kuwasingizia kuku, lakini ushahidi, lile koleo, ulikuwa mkononi mwangu. "Mimi, fundi. Shikamoo."

"Umeshanisalimia pale mlangoni."

"Nimeongeza."

Akacheka kwa pua, kidogo, kama mtu aliyeumia mbavu. Mama akapaza sauti kutoka jikoni kuuliza kama kuna shida. Mimi nikaficha koleo nyuma ya mgongo. Fundi akajibu kwamba hakuna shida, Mama Elisha, tuko kwenye hatua ya nyaya. Halafu akanigeukia akasema kwa sauti ya chini kwamba mota hii mpya, yaani mpya kwetu, haina hata karatasi ya maelezo, imebanduka. Mashine haina rangi, mota haina maelezo. Aliyekata ndiye atakayetafuta.

"Umeajiriwa," akasema. "Leta mita."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye utumishi. Hakukuwa na usaili.

Kazi yangu ya kwanza rasmi ilikuwa kuua kapasita. Kapasita ni kikopo kidogo kinachohifadhi umeme na kuutema kwa ghafla, ndicho kinachoipa mota msukumo wa kuanzia. Ubaya wake ni kwamba hata ukichomoa fyuzi chenyewe kinaweza kubaki na umeme tumboni, kikikusubiri. Fundi alikuwa na balbu ya zamani, ile ya waya mwekundu ndani, aliyoifunga nyaya mbili ndefu. Akanielekeza nizishike sehemu zenye plastiki, nigusishe kwenye vichwa vya kapasita. Balbu ikamulika mara moja, ikazima. Nikamwambia fundi kwamba marehemu ameaga. Akaniambia nigusishe tena, maana wengine hujifanya wamekufa. Nikagusisha tena, kimya. Akaridhika.

Kisha somo la mita, na hapa naomba wadogo zangu msisinzie. Mota yetu ilikuwa na nyaya tatu za kazi. Mmoja ni wa kuanzia, huu unapitia kwenye kapasita. Wa pili ni wa kukimbilia, ndio unaoifanya mota iendelee kuzunguka. Wa tatu ni wa pamoja, na wenzake wote wawili wanaishia kwake. Fundi akasema huo wa pamoja ni kama nyumba ya bibi, wajukuu hawapatani lakini wote wanalala pale. Unapima mbili mbili kwa mita. Zile mbili zinazotoa namba kubwa kuliko zote ni wa kuanzia na wa kukimbilia, kwa sababu umeme umepita koili zote mbili. Kwa hiyo ule ambao hukuugusa ndio bibi. Ukishampata bibi, unampima na kila mjukuu: namba kubwa ni wa kuanzia, namba ndogo ni wa kukimbilia.

Nilipima. Nikapima tena kuhakikisha. Fundi hakuishika mita hata mara moja, alikuwa anakunywa chai na kutazama mawingu. Nilipomwambia bibi ni waya mweupe akaniuliza kama niko tayari kumwambia Mkurugenzi hivyo hivyo. Nikamwambia niko tayari, ila mita nibaki nayo mkononi. Tukafuata na vile vichwa vitatu vilivyopauka, kimoja kimoja, mita ikilia mlio mwembamba kila tunapogusa ncha mbili za waya mmoja. Kimoja kikaenda kwenye kapasita, na vingine viwili vikaenda vilikotokea. Kosa langu la sekunde moja lilitugharimu alasiri nzima, lakini niseme ukweli, ilikuwa alasiri nzuri kuliko zote za likizo. Nilikuwa najua kitu ambacho dakika chache nyuma sikukijua, na kilikuwa kitu cha umeme.

Mota ilikuwa na nyaya nyingine ndogo pembeni, njano mbili na zambarau mbili, zenye vichwa vya kuchomeka. Nikamuuliza fundi. Wakati huo huo bibi yangu, mama yake mama, alikuwa anaingia getini kutoka Mtinko kwa ajili ya sherehe, na gunia la uwele, na jogoo chini ya kwapa. Fundi akasimama kumwamkia, bibi akaanza kumuuliza habari za ukoo wake wote, na swali langu likapotea kwenye shikamoo. Nikajiamulia. Njano nikaichomeka kwenye njano, zambarau kwenye zambarau. Nani angefanya tofauti?

Tukafunga kila kitu. Waya wa ethi, ule wa kijani unaopeleka umeme mpotevu ardhini, fundi aliukaza mwenyewe kisha akauvuta kama anayeng'oa jino. Akatoa fyuzi mfukoni. Ikarudi kwenye ubao. Feni ikazunguka.

Bibi akapiga kigelegele. Mama akatoka na unga mikononi. Fundi akasogeza kiganja mbele ya wavu, akasikia upepo unampiga, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia na mimi nisikie. Nikasikia. Upepo safi kabisa, tena wenye nguvu. Mkurugenzi akanitazama, akamuuliza fundi ni kweli huyu mtoto kafanya kitu. Fundi akasema huyu ndiye aliyeunga nyaya zote. Hakusema nani alizikata, na mpaka leo hajasema. Mama atajua akisoma hapa. Shikamoo, mama.

Ijumaa asubuhi nilipandishwa cheo, nikahamishiwa kituo cha pili, ndani ya Ulaya yenyewe, kazi yangu kumshikia mama bakuli. Alikuwa ameoka ghorofa zote usiku ule ule baada ya kuona feni inazunguka. Akaanza kupaka ya chini. Nilimwona anapitisha kisu kirefu cha kupakia, anakifuta, anapitisha tena, mpaka ukuta wa keki ukawa laini kama ukuta wa benki. Akachora waridi la kwanza. Akachora la pili. Alipofika la tano, la kwanza lilikuwa limeteremka kwa upana wa kidole.

Akaweka mkono hewani. Chumba kilikuwa na uvuguvugu wa maji ya kuogea. Nje tukasikia kompresa inanguruma, kisha tak, kimya. Baada ya muda ikawaka tena. Kisha tak. Nikatoka mbio kuangalia, feni inazunguka bila kosa, inapendeza hata kuitazama. Nikarudi nikasema feni iko sawa. Mama alikuwa anatazama krimu imeanza kutoka matone madogo kama paji la uso la mtu anayejibu maswali ya mdomo.

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Mama akigomba ujue mambo yako sawa. Alifuta mikono taratibu, akachukua simu kabatini, akakaa kwenye kiti. Akaniambia anampigia mjomba amwambie waagize ile keki ya mjini, kabla muda haujapita. Aliniambia kama mtu anayesoma tangazo. Kidole kikatafuta jina la mjomba, kikalipata, kikabaki juu ya kioo bila kubonyeza.

Nikamwambia, "Mama, kunywa chai kwanza."

"Elisha, usinichekeshe sasa hivi."

"Sikuchekeshi. Fundi huwa hapigi simu kabla ya chai."

Akaweka simu mapajani. Ndipo tukamsikia bibi huko uwani akiikaripia mashine kwa Kinyaturu. Maneno yenyewe sitayaandika hapa, mwalimu wa nidhamu naye ni Mnyaturu.

Sasa ili mwelewe, lazima niwaeleze hali ya hewa. Singida ina upepo. Watu wa kwingine wanadhani wanao, hawana. Alhamisi jioni ulikuwa unavuma wa kubeba ndoo. Ijumaa asubuhi, kama fitina, ukakata kabisa, hata jani halikutikisika. Na bibi alikuwa amekuja na uwele wake wa togwa ya sherehe, haujapepetwa. Kwa kawaida anasimama, anainua ungo juu, anamwaga nafaka pole pole, upepo unachukua makapi. Upepo alioutegemea haukuwepo. Akatazama huku na huku, akaona mashine ya mjukuu wake ina feni kubwa, inazunguka bure. Akatandika turubai mbele yake, akainua ungo, akamwaga.

Nilipofika, makapi yalikuwa yamejaa kwenye wavu wa mashine kama ndevu.

"Mume wangu," bibi akaniambia, "hiki chombo chako kina njaa. Namwaga ili kipulize, kinakula."

Nikamwomba amwage tena. Akamwaga. Na mimi nikaona kwa macho yangu, makapi badala ya kuruka kuelekea kwa bibi yakawa yanainama, yanaingia ndani ya mashine. Taratibu, kwa adabu, kama waumini wanaoingia ibadani. Feni ilikuwa inazunguka kinyume. Ilikuwa inavuta hewa ya uwani na kuirudisha ukutani, joto likibaki pale pale, kompresa inachemka, mama yangu anakaribia kumpigia mjomba.

Nikampigia Fundi Shabani. Alikuwa njiani kwenda kutengeneza jokofu la muuza samaki. Nikamweleza habari za makapi. Simu ikawa kimya, nikadhani mtandao umekata, kumbe alikuwa amesimamisha pikipiki acheke.

"Ule upepo tulioushika jana," akasema, "ulikuwa wa Singida."

Alicheka tena, kisha akawa mkali ghafla. Akasema kosa ni lake, alikagua kama mota inazunguka na hakukagua inapeleka upepo wapi. Akaniuliza fyuzi iko wapi. Nikaenda kuichomoa nikamjibu iko mfukoni. Akauliza mfuko wa nani. Wangu. Una kifungo? Hauna. Akasema basi niishike kwa meno, alikuwa anatania lakini nilifanya hivyo hivyo, ndiyo maana maelezo yangu mengine kwenye simu hakuyaelewa. Akanikumbusha ile balbu aliyoniachia pamoja na mita. Nikagusisha kapasita, ikamulika, nikagusisha tena, kimya. Akaniambia sasa nizitafute zile nyaya ndogo nne. Njano ikikutana na njano mota inazunguka upande huu, njano ikikutana na zambarau inageuka upande wa pili. Waliotengeneza waliweka hivyo makusudi, ili mota moja ifae mashine mbalimbali.

Nikachomoa. Nikavukisha. Njano kwa zambarau, zambarau kwa njano. Nikavuta kila moja kuona kama imeshika, nikapiga brashi makapi niliyoweza kuyafikia, nikarudisha mfuniko. Bibi alikuwa amesimama pale pale mbele ya wavu na ungo wake, anasubiri matokeo. Nilimwambia asogee. Akaniuliza tangu lini mume anamwambia mke asogee uwanjani kwake. Nikaenda kurudisha fyuzi.

Makapi yote yaliyokuwa yamemezwa tangu asubuhi, pamoja na vumbi ambalo brashi yangu haikulifikia na manyoya ya kuku wa vizazi kadhaa, yalitoka kwa pamoja. Nilimkuta bibi amesimama hivyo hivyo, kilemba, kope, midomo, vyote vina rangi ya uwele. Alitema kidogo. Akapangusa jicho moja. Kisha akainua ungo akamwaga, na makapi yakaruka mbali, safi, mpaka ukutani kwa jirani, nafaka ikaanguka miguuni pake tititi.

"Haya," akasema. "Sasa imeshiba."

Akapepeta gunia lote hapo hapo, kwenye upepo wa moto unaotoka Ulaya, akiimba. Majirani wawili wakaja na wao na nyungo zao, wakapanga foleni. Ndicho kituo changu cha tatu na cha mwisho, msimamizi wa foleni ya nyungo, na sijawahi kuheshimiwa vile maishani.

Mama alikuwa bado amekaa kwenye kiti na simu mapajani. Nilipoingia nilitaka kumweleza kuhusu njano na zambarau, akaninyamazisha kwa kidole. Alikuwa anasikiliza. Kompresa ilikuwa inanguruma, inaendelea, inaendelea, bila tak. Ubaridi ukaanza kushuka kutoka juu, kwanza kwenye masikio. Akasubiri mpaka matone yakakauka kwenye krimu. Ndipo akarudisha simu kabatini, akakwangua yale mawaridi matano, akanilisha, akaanza upya.

Jumamosi keki ilisimama ukumbini ghorofa tatu kamili, nyeupe, na mawaridi yamepanda ngazi mpaka juu kila moja mahali pake. Wakwe wa Kintinku walipokabidhiwa, shangazi yao mmoja aliigusa kwa ncha ya kidole kuhakikisha si ya bati, akalamba, akamnong'oneza mwenzake. Mjomba mwenyekiti alimtafuta mama kwa macho ukumbi mzima. Alipompata akainuka kwenye kiti, akamvulia kofia. Mama akajifanya anatazama mapambo. Kanga yake siku hiyo ilikuwa imenyooka.

Jumatatu shule zilifunguliwa, nikastaafu kwa mujibu wa sheria. Nilimrudishia Mhandisi Mkuu mita yake, akaniambia nafasi yangu ataishikilia mpaka likizo ya Desemba, ila koleo nisije nalo. Nikitazama nyuma sioni utumishi uliotukuka sana. Naona kwamba nilikata kabla ya kuangalia, nikaunga kabla ya kuuliza, na mtu mzima aliyenifundisha alikosea mle mle pamoja na mimi na hakuona aibu kusema. Wadogo zangu, rangi zikifanana msiziamini haraka. Mota ikizunguka msishangilie bado, nendeni mkaangalie upepo unaelekea wapi. Na mkiwa na bibi, mpeni nafasi mbele ya mashine.

Bado sijasema kuhusu Jumapili, kabla ya kustaafu. Tulitoka kanisani jua limewaka, lami ya mjini ikinata kwenye viatu. Mama hakuenda jikoni. Aliingia Ulaya, akavua viatu, akatandika mkeka katikati ya sakafu, pale ilipolala keki, akajilaza chali, macho kwenye dari. Mimi nikasimama mlangoni, nimeegemea fremu kama mstaafu anayengojea kiinua mgongo chake, maana tangu Alhamisi alikuwa hajaniambia lolote kuhusu kazi yangu. Mashine ikanguruma. Nikaona mikono yake imetoka vipele vidogo vidogo vya baridi, mpaka kwenye viwiko. Akaitazama, akaisugua, akatabasamu peke yake. Kisha akageuza shingo upande wangu.

"Elisha, kaniletee sweta," akasema. "Na ukitoka ufunge mlango, baridi itaisha."